Kabla hujatundika daluga, anza daftari

Nilicheza beki wa kulia timu ya taifa kwa miaka tisa, na sasa nafundisha. Wachezaji wanaokaribia kustaafu na wanaotaka ukocha huniuliza waanzie wapi. Anza leo, ungali umevaa jezi. Kila baada ya mazoezi andika: zoezi gani, wachezaji wangapi, eneo lilikatwa ukubwa gani, kocha alipuliza filimbi wakati gani na akasema nini. Kambi ya taifa ni darasa ambalo ukishastaafu huliingii tena.

Leseni za ukocha nazo zianze mapema. Za CAF, shirikisho la soka la Afrika, hupanda kutoka D hadi A, kisha Pro, na usitegemee ukubwa wa jina lako ukurushe ngazi.

Halafu omba kufundisha vijana. Kikosi changu cha kwanza kilikuwa cha watoto wa miaka 15. Siku ya kwanza nilimfokea beki kwa kupokea pasi vibaya. Akaniuliza, "Nisimameje, kocha?" Nikakosa jibu. Jambo nililolifanya kwa miguu miaka yote sikuwahi kulitafutia maneno. Usiku ule niliandika: tupa jicho nyuma kabla mpira haujakufikia, upe mgongo mstari wa pembeni, pokea kwa mguu ulio mbali na mpira. Kesho yake tulifanya hayo tu, dakika 20, wanne dhidi ya wawili.

Fanya hivyo kwa kila unachokijua bila kufikiri. Na usikimbilie kuonyesha mwenyewe, maana watashangilia mguu wako na somo lipotee. Waulize wameona nini.

Usione aibu kuanzia chini. Zidane, nyota wa zamani wa Ufaransa, alifundisha kikosi cha pili cha Real Madrid kabla ya kukabidhiwa kile kikubwa Januari 2016. Aliou Cissé, nahodha aliyekosa penalti katika fainali ya Afrika ya 2002, alianza na vijana wa Senegal chini ya miaka 23. Akapewa timu ya taifa 2015, akapoteza fainali ya 2019, na kombe akalishika Februari 2022. Mimi humheshimu zaidi kwa miaka hiyo ya katikati.

Jambo gumu kuliko yote ni kumweka benchi mwenzako mliyelala chumba kimoja kambini. Mwite, mwambie mwenyewe kabla orodha haijabandikwa. Mimi nilichelewa mara moja, akaisoma ukutani. Ilipita miezi kabla hajanipa tena mkono.