Kutengeneza benzaldehidi kwa TEMPO na jiki katika joto la Dar es Salaam

Chupa ya TEMPO, kichocheo kinachoisaidia jiki (dawa ya kung'arisha nguo) kugeuza alkoholi ya benzili kuwa benzaldehidi, na ikae kwenye jokofu. Fuwele zake za rangi ya chungwa huyeyuka kwenye nyuzijoto 36 hadi 38, na umeme ukikatika mwezi Februari utazikuta zimegandamana kama sukari guru iliyopata unyevu. Hiyo ni radikali (molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza) ya aina ya nitroksidi, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1960. Radikali nyingi hutoweka mara tu zinapozaliwa, lakini hii hudumu, kwa kuwa elektroni yake pweke imegawanywa kati ya naitrojeni na oksijeni, huku vikundi vinne vya methili vikiikinga pande zote.

Kazi ya kwanza ni kupima nguvu ya jiki, kwani jiki iliyokaa duka lenye joto hupungua nguvu na lebo haisemi. Weka mililita 1 kwenye chupa ya titresheni, ongeza iodidi ya potasiamu kwa wingi, na baada ya hapo tu ndipo utie asidi asetiki, kwa sababu asidi ikitangulia utavuta klorini. Titresha, yaani dondosha kidogo kidogo kutoka kwenye bureti (mrija wenye vipimo), kwa thayosulfeti ya molari 0.1 (moli 0.1 kwa lita). Bureti ikisoma mililita 7, jiki ina molari 0.35, na kwa jaribio hili utahitaji takriban mililita 31. Ipunguze ualkali kwa bikaboneti ya sodiamu hadi pH ifike karibu 9.

Sasa yeyusha gramu 1.08 za alkoholi ya benzili na miligramu 16 za TEMPO katika mililita 25 za dikloromethani, ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kisha ongeza gramu 0.12 za bromidi ya potasiamu katika maji kidogo. Zungushia chupa barafu iliyopondwa (ile ya wauza samaki wa Feri inafaa kabisa) na udondoshe jiki taratibu huku ukikoroga kwa nguvu, joto lisizidi nyuzi 10. Kinachooksidisha alkoholi si radikali yenyewe, bali kationi (chembe yenye chaji chanya) inayozaliwa TEMPO inaponyang'anywa elektroni moja; ndiyo maana asilimia 1 tu inatosha, maana jiki huirudisha kazini kila mara. Njia hii ilitangazwa na Anelli na wenzake mwaka 1987. Jiki ikiisha, koroga dakika chache zaidi, tia thayosulfeti hadi karatasi ya iodidi na wanga isigeuke bluu, kisha tenganisha tabaka la chini, likaushe na uvukize kiyeyushi.

Harufu ya lozi, ambayo ndiyo ya benzaldehidi, ikishatokea, adui ni hewa. Oksijeni huanzisha mnyororo wa radikali huria unaogeuza benzaldehidi kuwa asidi ya benzoiki, kwa hiyo ijaze chupa ya kahawia hadi shingoni, ipulizie naitrojeni na uihifadhi kwenye baridi. Ukiona ukungu mweupe mdomoni mwa chupa, osha benzaldehidi kwa mmumunyo wa bikaboneti kabla ya kuitumia.