Kurekodi albamu ya roki peke yako kwa kaseti ya treki nne

Wakuu, wengi wanaitafuta ile sauti chafuchafu ya indie kwenye plagini (programu za athari za sauti za kompyuta) wakati ipo kwenye tepu. Phil Elverum wa The Microphones alirekodi albamu ya The Glow Pt. 2, ya mwaka 2001, kwa tepu kule Olympia, Washington, ala nyingi kapiga mwenyewe. Studio yake si kama mashine yetu ya kaseti ila akili ndo hiyohiyo, tepu inakulazimisha uamue mapema.

1. Tafuta Portastudio, yaani mashine ya kurekodi treki nne (njia nne za sauti) kwenye kaseti, ya mtumba (ya kwanza ilitoka 1979) na kaseti za kromu, C60 (ya dakika 60) inatosha. Treki nne zinakula pande zote mbili za kaseti kwa hiyo unarekodi upande mmoja tu. Ukiiweka kwenye redio ya kawaida utasikia treki mbili, zingine zinaimba kinyumenyume ukigeuza.

2. Drams treki 1, besi 2, gita 3. Gain (nguvu ya sauti inayoingia) pandisha hadi sindano ya kupima iguse nyekundu kidogo, tepu ikizidiwa inakwaruza vizuri tu tofauti na kompyuta.

3. Hapa ndo penyewe. Hizo tatu zichanganye zote uzimwage treki ya 4 (yaani uzirekodi upya humo), halafu 1 hadi 3 ziko huru unarekodi juu yake, gita la pili na kinanda weka 1 na 2 uzimwage ya 3, zinabaki mbili za sauti yako, jumla sehemu saba, ala tano na sauti mbili. Ukishafuta hakuna kurudi, na kila ukimwaga treble inapungua na ile "shhh" ya tepu inaongezeka, ndo maana drams zinatangulia na uziongezee treble kidogo, sauti ya kuimba isimwagwe kabisa.

4. Gita la kinyumenyume: geuza kaseti, treki 1 inakuwa 4, 2 inakuwa 3. Kwa hiyo mchanganyiko wako wa treki 4 sasa uko 1, usiiguse! Rekodi kwenye 3, ukirudisha itakuwa 2.

5. Pitch (kitufe cha spidi ya tepu): punguza spidi asilimia 6 hivi wakati unaimba, ukirudisha kawaida sauti inapanda nusu toni, unasikika kama mtoto flani hivi.

6. Miksi ingiza kwenye kompyuta, kisha vunja vile vijiplastiki viwili vya mgongoni mwa kaseti, asije mtu akarekodia juu yake.