Somo: Kumrudisha nyumbani mtoto aliyelazwa muda mrefu

Mwanangu alilazwa siku 97. Daktari alipotamka "kesho mnaruhusiwa", nilimshukuru Mungu, kisha nikajifungia chooni nikalia kwa woga. Wodini nesi alikuwa hatua chache tu kutoka kitandani. Nyumbani nesi ningekuwa mimi. Nawaandikia wazazi mnaoikaribia siku hiyo.

Hatua ya 1: Fanya kila kitu kwa mkono wako ukiwa bado wodini

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uzito wote. Kutazama si kujua. Wiki nyingi nilimwona nesi akimlisha mwanangu kwa mrija wa puani, nikadhani nimeelewa. Siku niliposhika bomba mwenyewe mikono ilitetemeka, nikasahau hata kuubana mrija kabla ya kufungua kifuniko. Nesi hakunikaripia, alinirudisha mwanzo. Nikanawa mikono. Nikaangalia kama alama kwenye mrija, pale unapoingia puani, imesogea. Nikavuta majimaji kidogo ya tumboni, nikayadondosha kwenye karatasi ya kupimia asidi. Ikisoma 5.5 au chini ya hapo, unaweza kulisha. Ikizidi, usilishe mpaka upate ushauri, kwa sababu mrija unaweza kuwa umehama na chakula kikaishia mapafuni. Mtoto anainuliwa kichwa na kifua, chakula kinashuka polepole, na akimaliza anabaki ameinuliwa kama nusu saa.

Omba uifanye kazi hiyo yote, mchana na usiku, nesi akiwa pembeni amekaa kimya. Kisha akuulize: "Mrija ukichomoka saa nane ya usiku utafanyaje?" Kama huna jibu, waambie hujawa tayari. Si aibu kabisa. Na mtu wa pili wa nyumbani ajifunze pamoja nawe, maana siku utakayougua wewe mtoto bado atahitaji kula.

Hatua ya 2: Karatasi

Usitoke bila muhtasari wa ugonjwa na matibabu, tarehe ya kliniki, namba ya simu inayopokelewa hata usiku, na orodha ya dawa. Kwenye orodha kuwe na jina la dawa, kazi yake, kipimo, saa za kutoa, na saa aliyopewa mara ya mwisho wodini. Hilo la mwisho husahaulika, halafu mtoto anapewa dozi mara mbili siku hiyohiyo ya kurudi.

Dawa za maji zinahitaji macho zaidi. Chupa mbili zenye jina moja la dawa zinaweza kutofautiana nguvu, moja kali mara mbili ya nyingine. Kwa hiyo ukinunua chupa mpya, usome ina miligramu ngapi kwa kila mililita kabla ya kupima kile kiasi ulichozoea. Pima kwa bomba lenye alama, lile lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani.

Hatua ya 3: Saa za usiku

Saa za dawa za wodini zimepangwa kwa watu wanaopokezana zamu. Wewe huna zamu. Kabla ya kutoka mwombe daktari aangalie zipi zinaweza kusogezwa upate usingizi wa saa kadhaa mfululizo. Usizisogeze mwenyewe.

Usiku wa kwanza kilichonitisha ni ukimya. Nilizoea mlio wa mashine. Nililala mkono wangu ukiwa kifuani kwake. Saa tisa akaamka, akauliza, "Mama, nesi yuko wapi?" Wiki kadhaa alikojoa kitandani na kung'ang'ania nguo yangu, wakati hayo alishayaacha zamani. Hutokea sana. Msimgombeze.

Hatua ya 4: Dalili za hatari, ubandike ukutani

Muulize daktari dalili za mtoto wako mwenyewe. Ila kwa mtoto yeyote: midomo kuwa ya bluu, kifua kubonyea anapovuta pumzi, kukoroma kwa kujikamua kila anapopumua, degedege, kulegea na kutoamka vizuri, yote ni ya kukimbizwa hospitali. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Mara 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi chini ya 5, anapumua haraka mno.

Kama anatumia dawa za saratani au ana mrija uliobaki kwenye mshipa mkubwa wa damu, homa ya nyuzi 38 ni dharura. Piga simu na uondoke saa hiyohiyo. Usimpe kwanza dawa ya kushusha homa usubiri kuona.

Maswali ya wazazi

Dada, akitapika dawa nimrudishie?
Usirudie kwa kukisia. Andika zilipita dakika ngapi tangu alipomeza, kisha piga simu wodini. Jibu hutegemea dawa yenyewe na muda huo.

Wangu anatumia oksijeni. Baba yangu anavuta sigara na hasikii la mtu.
Hapo usimwonee haya mzazi, kaka. Oksijeni hufanya moto mdogo ulipuke kuwa mkubwa. Sigara, mshumaa na jiko viwe mbali kabisa, na pia usimpake mtoto mafuta ya mgando usoni. Kama maneno yako hayamwingii, mwombe nesi amweleze mzee kwa heshima kabla hamjaruhusiwa.

Kaka yake wa miaka 6 amekuwa mkaidi tangu turudi.
Ameishi bila mama miezi. Mpe kazi ya kweli, kama kuleta taulo au kuweka alama kwenye ratiba dozi ikishatolewa. Na mwambie wazi kwamba si yeye aliyesababisha ugonjwa. Wangu alikuwa akiliamini hilo kimoyomoyo, nami sikujua.

Sisi tumeambiwa tiba imefika mwisho, tunampeleka akae nasi nyumbani.
Pole sana, mama. Dawa ya maumivu ifuate saa zake, usingoje alie. Uliza pia dozi ya ziada maumivu yakipenya katikati. Mofini ikitolewa kwa maumivu kama daktari alivyopanga haimfanyi mtoto mraibu, ila huleta choo kigumu, basi ondokeni na dawa ya kulainisha mkononi. Jueni mapema nani wa kumpigia usiku. Na mwulize mwenyewe anataka kulala wapi. Wangu alikataa kitanda tulichomwandalia, akataka godoro lake la zamani, karibu na mlango, awaone wanaopita.