Jinsi ya kupiga hesabu ya kapu la sarafu kwa daftari na kalamu tu

Wadau, mtu anapakia machungwa Muheza, anavusha Horohoro, analipwa kwa shilingi ya Kenya, akirudi Tanga anakuta reti imeshuka, faida imeliwa njiani. Ndo maana kila siku mnauliza sarafu moja ya Afrika Mashariki inakuja lini. Basi tuanze na kapu kwanza, yaani sarafu za nchi kadhaa zilizowekwa pamoja kwa kiasi maalum na kuhesabiwa kama kitu kimoja, maana sarafu haziunganishwi kwa usiku mmoja.

Shika daftari. Weka kapuni shilingi 50 za Kenya na 1,000 za kwetu. Tuseme leo ya Kenya moja ni 20 za Tanzania (namba ya mfano hiyo, usiende nayo kwa mbadilisha hela akakucheka), kwahiyo kapu zima ni 2,000. Vilivyomo usiviguse, unabadilisha reti tu. Kesho ya Kenya ikishuka hadi 18 kapu linakuwa 1,900. Umeona? Yenyewe imeanguka asilimia 10, kapu asilimia 5, maumivu yamegawanywa.

Alafu chora bendi, yaani mipaka ya juu na chini ambayo reti hairuhusiwi kuivuka. Ile 20 iongeze na uipunguze asilimia 2.25, unapata 19.55 mpaka 20.45. Ndo bendi waliyoanza nayo Ulaya 1979, kapu lao likiitwa ECU, Italia wao wakaachiwa 6. Ikigonga 19.55 benki kuu zote mbili zinaingia sokoni kununua shilingi ya Kenya, sisi tunatoa shilingi zetu, na Kenya inatoa akiba yake ya fedha za kigeni, na hapo ndo penye kazi kwasababu akiba ina mwisho. Uingereza tarehe 16 Septemba 1992 ilimwaga akiba kuilinda pauni isivuke bendi, ikapandisha riba, wapi, jioni ileile ikatoka kwenye mfumo huo wa Ulaya. Mwaka uliofuata bendi ikatanuliwa hadi asilimia 15, ambayo mi naona ni uwanja wa mpira sio bendi, ila walifika, 1 Januari 1999 ECU moja ikawa euro moja.

Pembeni andika vigezo vyetu vya kuingia sarafu moja, vya itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki iliyosainiwa Kampala Novemba 2013: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti 3 ya pato la taifa, deni la taifa 50, na akiba ya kutosha kuagiza bidhaa miezi 4.5. Hiyo ya mwisho sasa unajua imewekwa ya nini. Lengo la sarafu moja lilikuwa 2024, limesogezwa 2031, kwahiyo muda unao, kila Ijumaa andika reti na uzungushie duara kila inayotoka nje ya bendi.