Kubandika fiba kwenye boti ya aluminiamu isibanduke

Kinachoshika aluminiamu ni resini, ile gundi ya majimaji inayolowesha fiba na kukauka ngumu, na resini hushika chochote itakachokikuta pale. Ikikuta mafuta au chumvi, itashika hayo, na kiraka kitang'oka kizima kama ganda la yai la kuchemsha.

Mimi ni fundi wa boti, Likoni. Wateja huuliza bei ya fiba. Mimi nawauliza watanunua resini gani. Resini ya poliesta ni rahisi, ila ikikauka inasinyaa sana na kujivuta kutoka kwenye bati. Hapa nunua resini ya epoksi.

Osha kwa maji ya bomba uondoe chumvi, kausha, kisha futa kwa asetoni (kiyeyusha mafuta) na kitambaa cheupe, ukikigeuza kila mara. Asetoni itangulie msasa, tafadhali! Ukianza na msasa unayashindilia mafuta ndani ya mikwaruzo. Piga msasa namba 80 mpaka mng'aro uishe, halafu mwagia maji safi. Yakitandaa utando mmoja, endelea. Yakijikusanya matone, rudia asetoni.

Kausha vizuri. Sasa ndiyo hatua ambayo mafundi wengi wanairuka: aluminiamu iliyokwanguliwa huota oksidi (utando wa kutu yake) upya ndani ya muda mfupi mno. Kwa hiyo paka epoksi kwanza, kisha sugua kwa msasa ndani ya epoksi hiyo mbichi, ili uso mpya ukutane na resini kabla ya hewa. Itageuka kijivu. Ifute, paka nyingine safi, laza fiba hapo hapo na utoe hewa kwa rola.

Kingo zipunguze unene taratibu, maana kubanduka huanzia ukingoni. Aluminiamu ya mita 1 ikipata joto la digrii 30 zaidi hurefuka kama milimita 0.7, na fiba ya kaboni karibu haisogei kabisa. Tena kaboni ikigusana na aluminiamu kwenye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa. Ukitumia kaboni, weka fiba ya kioo katikati.

Kukagua, gonga kwa sarafu: palipoachana panatoa sauti butu.

Kubandua, vaa barakoa, pasha kwa mashine ya hewa moto hadi epoksi ilainike, ingiza patasi butu ukingoni. Kisha geuza kiraka utazame upande wake wa chini. Epoksi ikibaki pande zote mbili, maandalizi yalikuwa sawa, resini ndiyo iliyokatika. Bati likiwa tupu, kosa lilikuwa kwenye usafi.