Kichujio cha matusi kisichomfungia shoga mlango

Nasimamia kundi la Telegram la akinamama wauza udi na vitenge hapa Unguja Mjini. Siku niliyowasha kichujio, kikafuta ujumbe huu: "Shoga zangu, nataka kumaliza mzigo, njooni Darajani kabla ya Magharibi." Mwenyewe akanipigia: "Mwanangu, nimemtukana nani mie?"

Hatua ya 1: Wiki ya kwanza usifute kitu. Kiweke alama tu, nawe usome kilichonasa. Orodha niliyoishusha intaneti ilikuwa na matusi ya Kiingereza, hata "mashitaka" yakanaswa. Tazama herufi za katikati.

Hatua ya 2: Tafuta neno zima. "Kumaliza" liliponzwa na herufi zake nne za mwanzo. Weka `\b`, alama ya mpaka wa neno, mbele na nyuma ya neno. Maradhi haya ya zamani: mwaka 1996 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, iliwakatalia wakaazi wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti kwa sababu ya tusi lililojificha ndani ya jina la mji wao.

Hatua ya 3: Viambishi. Hapa ndipo penye kazi, na miongozo ya Kiingereza haikusaidii. Mimi naandika hivi:

`\b(m|wa)?pumbavu\b`

Yaani m- au wa- mbele ya neno, na alama ya ulizo ni kusema kiambishi kiwepo au kisiwepo. Inanasa "mpumbavu", "wapumbavu" na "pumbavu" kavu. Inaacha "upumbavu" na "kipumbavu", na nimeyaacha makusudi. M- na wa- humwendea mtu. U- na ki- aghalabu huliendea jambo. Mama akiandika "kodi ya kibanda imepanda tena, huu upumbavu", hajamtukana mtu, analalamika, na malalamiko yapite hata yakiwa makali.

Hatua ya 4: "Shoga" litoe kabisa kwenye orodha. Kwengine ni tusi. Huku mwanamke humwita hivyo rafiki yake wa kike, tena kwa mapenzi.

Herufi zilizovutwa, kama "mpuuuumbavu", zikizidi mbili zifupishe ibaki moja. Mbili ziache, usije ukaharibu "kukaa" na "maandazi".

Hatua ya 5: Shikilia, usifute. Ujumbe ulionaswa uje kwako, na mwenyewe aambiwe ni neno gani lililomzuia. "Mie mpumbavu, nimemkopesha tena" utanaswa, na jicho lako litaupitisha mara moja.

Yule mama wa udi mpaka leo hunitumia tangazo lake mimi kwanza, faraghani: "Mwanangu, huu utapita?"