Mwambie Jirani kwa Mdomo

Nashona nguo Ngamiani, Tanga, na wateja wangu wengi ni Waislamu. Mimi ni Mlutheri. Hapa mtu akifiwa tunakaa mkekani pamoja, Idi tunapelekeana pilau, na Krismasi vilevile. Nawasikia Wakristo wenzangu wakisema kwamba ili tusivuruge ujirani huu, tusimtaje Yesu. Mimi namtaja, na ujirani upo. Nifanyavyo ni hivi.

Sema kwa mdomo. Zamani nilimtilia mteja kipeperushi cha injili ndani ya gauni alilokuja kuchukua. Kesho yake alirudi, akakiweka juu ya cherehani, akasema, "Mama, ungeniambia tu." Iliniuma kwa sababu alisema kweli: niliuogopa uso wake, nikajificha nyuma ya karatasi. Nilimwomba radhi. Siku hizi namwomba mtu ruhusa waziwazi: "Dada, kama huna haraka, nikusimulie Yesu alivyonitendea?" Akisema ana haraka, nampima nguo yake na mazungumzo yanaendelea kama kawaida.

Ukishapewa nafasi, usizunguke. Pwani kila mtu anamtaja Mungu tangu alfajiri, kwa hiyo ukisema "Mungu ni mwema" hujamwambia jirani jambo asilolijua. Mimi husimulia usiku ule mwanangu aliposhikwa na degedege, nilivyombeba nikimwita Yesu njia nzima mpaka hospitali. Simulia la kwako, fupi, bila chumvi. Jirani anakujua, ukizidisha atajua.

Mwenzako akisema Nabii Isa, usimkatize kumsahihisha. Muulize anajua nini habari zake, naye atakueleza jinsi Mariamu alivyomzaa akiwa bikira, na miujiza yake. Imani, dhambi, toba, rehema: maneno haya ni yenu nyote wawili, yatumieni. Tofauti nayo ipo, tena kubwa, na akikuuliza usiifiche. Mwambie, "Sisi tunaamini alikufa kweli msalabani, akafufuka siku ya tatu, na tumaini langu liko hapo." Kurani usiijadili kama hujaisoma, wala usimseme vibaya Mtume wao. Katiba yetu, ibara ya 19, inakupa uhuru wa kutangaza dini yako. Kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza imani ya mtu ni kosa la jinai. Na Petro alishatuambia tujibu kwa upole na kwa hofu.

Nawe ukubali kuambiwa. Bibi wa nyumba ya pili hunialika futari kila Ramadhani, na kila mwaka huniambia, "Mwanangu, natamani usilimu kabla sijafa." Sijawahi kukasirika. Ananitakia kile anachokiona bora kuliko vyote, na mtu asiyekujali hakutakii hivyo. Namjibu, "Bibi, nami nakuombea umjue Yesu kama mwokozi wako." Tunashikana mikono, tunakula tambi. Kwangu huko ndiko kuvumiliana, maana tungenyamaza sote wawili, kila mmoja angekuwa amemficha mwenzake kitu anachokipenda kuliko vyote.

Msaada usiufunge na mahubiri. Mama akija kuomba nimshonee mtoto sare kwa mkopo, namshonea, na siku hiyo siingizi habari za dini kabisa. Msibani vilevile: chota maji, osha vyombo, kaa.

Akitaka kusoma, mpe Injili ya Luka, aanzie sura ya 15, penye baba anayemkimbilia mwanawe aliyepotea. Kisha mwulize anamwonaje yule kaka mkubwa. Na akija kuuliza kwa siri, siri ni yake. Usimsimulie kanisani hata kama ushuhuda unakuwasha ulimi. Nyumbani kwake wanaweza kumgeuka kabla hajajua mwenyewe anaamini nini.

Yule mteja wa gauni bado ananiletea vitambaa. Mwaka huu aliniuliza kwa nini Ijumaa Kuu huwa sishoni. Nikatoa mguu kwenye cherehani, nikamwambia.